Arifa zinaganda kwenye kioo (Linux): dunst, mako au xfce4-notifyd?

Kibodi
Wakuu, habari za leo. Natumia i3 (programu ya kupanga madirisha) juu ya Debian, arifa nimeziachia dunst, programu ya kuzionyesha. Baadhi zinatoweka vizuri, nyingine zinaganda pembeni mwa kioo mpaka nizibofye. Za betri ndizo sugu kuliko zote. Kwenye `urgency_normal` (arifa za daraja la kawaida) nimeweka `timeout = 5`, bado. Kati ya dunst, mako na xfce4-notifyd, ipi inatii muda?

Mtende
Mkuu, usihame kwanza. Arifa za betri kuisha kwa kawaida hutumwa kwa daraja la `critical` (dharura), na kanuni za freedesktop, mradi unaoweka viwango vya pamoja vya programu za Linux, zinataka arifa za daraja hilo zisijifute zenyewe. Ndiyo maana faili la dunst huja na `timeout = 0` chini ya `urgency_critical`. Sifuri hapo maana yake ikae mpaka mtu aiondoe. Weka 30, kisha jaribu `notify-send -u critical jaribio`.

Angalia pia `idle_threshold`. Ikiwa imewekwa, ukiondoka kwenye kompyuta dunst haifuti arifa, ili ukirudi uzikute. Hiyo peke yake inatosha kunifanya nibaki nayo.

MtuWaSway
Mako naipenda kwa wepesi wake, lakini nayo ukiiacha ilivyokuja haifuti kitu: `default-timeout` yake ni 0. Tena inahesabu kwa milisekunde, kwa hiyo sekunde tano andika 5000. Uzuri wake ni `ignore-timeout=1`. Programu ikituma arifa na kudai muda wake yenyewe, mako inafuata muda wako wewe. Ila ni ya Wayland, na i3 ni ya X11, mfumo mwingine wa kuonyesha madirisha, kwa hiyo kwako haifai.

BiTerminali
xfce4-notifyd nampendekezea asiyetaka kuhariri mafaili; muda unauchagua kwenye dirisha la mipangilio, basi. Za dharura nayo haizifuti.

Kibodi, je, umesakinisha dunst na xfce4-notifyd kwa pamoja? Jina `org.freedesktop.Notifications` kwenye D-Bus (njia ya programu kutumiana ujumbe) hushikwa na programu moja tu kwa wakati mmoja. Unaweza kuhariri faili la dunst usiku kucha kumbe anayejibu ni mwingine. Endesha `busctl --user status org.freedesktop.Notifications`, utaona nani amelishika.

Kibodi
Asante dada. Aliyelishika ni dunst. Betri imetulia baada ya kuweka 30. Imebaki programu moja ya gumzo, arifa zake ni za daraja la kawaida lakini haziondoki.

Mtende
Hiyo itakuwa inatuma muda wa 0 yenyewe, na `timeout` yako inatumika pale tu mtumaji asipotaja muda. Matoleo mapya ya dunst yana `override_dbus_timeout`. Itengenezee kanuni yake kwa `appname`, mpe sekunde 8, usiiguse `urgency_normal`. Kisha ua dunst. Itaamka yenyewe arifa inayofuata ikiingia.

Kibodi
Imekubali. Nabaki na dunst.