Karavani imechomoka kwenye Hilux pale Pongwe. Nibadilishe chuma cha kuvutia tela au nichomelee?

Mvuvi_wa_Sahare:
Salaam wakuu. Nina Hilux dabokebini ya dizeli, ya siku nyingi. Mwaka huu nikajitia kimbelembele, nikanunua karavani kuukuu, ile nyumba ya kuvutwa na gari, kwa mzungu aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Nia ni kuipeleka Ushongo, ufukweni kusini mwa Pangani, ikae chini ya minazi, wageni walale humo. Kibao chake kinasema kilo 1,200 ikiwa na mzigo wote.

Jumamosi niliivuta kuijaribu, kutoka Sahare hadi Pongwe, hapa hapa Tanga. Kwenye tuta la pili nikasikia kishindo kama mtu kaangusha sufuria za shughuli. Kushuka, kikombe cha karavani kimeruka kutoka kwenye gololi, lile tufe la chuma nyuma ya gari kinalolifunika, mkono wake wa kuvutwa umelalia lami, na kilichoizuia isiende zake ni ile minyororo miwili. Bampa limepinda upande wa kulia kama mdomo wa mtu aliyenuna. Tena kabla ya hapo, kila nikikaribia spidi 60 karavani ilikuwa inatikisa mkia kulia kushoto, mpaka usukani naushika kwa mikono miwili.

Gololi niliikuta imefungwa kwenye bampa tangu nanunua gari. Jirani yangu fundi wa kuchomelea anasema anipigie flatiba nene kwenye chesisi, elfu themanini kazi kwisha. Moyo unasita. Mnasemaje?

Spana_17:
Moyo wako una akili kuliko jirani yako. Usimpe.

Anza na gololi. Futa grisi uangalie juu yake, huwa imegongwa kipimo. Naweka dau utakuta inchi 1 na 7/8, yaani karibu milimita 47.6, na karavani za Ulaya zinataka 50. Hizo milimita mbili na ushee kwa macho huzioni: kikombe kinakaa, lachi inafunga, unaondoka umeridhika. Ukifika kwenye tuta, mkono unarushwa juu, kikombe kinateleza na kutoka.

Halafu bampa. Hilo la kwako ni bati lililokunjwa, wala halikuwekwa hapo livute tani na zaidi. Tafuta chuma cha kuvutia kilichotengenezwa kwa Hilux ya umbo lako, wauza spea za magari yaliyokatwa huwa navyo. Kifungwe kwa bolti kwenye reli zote mbili za chesisi, na kila kichwa cha bolti kiwe kimeandikwa 8.8 au zaidi, ndiyo alama ya uimara. Zile za kuuzwa kwa kilo, zisizo na maandishi, kafungie mlango wa banda la kuku.

Na hapa mafundi wengi ndipo wanapoharibu: chesisi ni boksi, ndani tupu. Bolti ikipita pande zote mbili bila kutiwa kipande cha bomba katikati, ukikaza boksi linabonyea. Kesho unakaza tena, keshokutwa tena. Ukiona fundi hana hivyo vipande vya bomba mezani, funga kopo lako la chai uondoke.

Kuchomelea chesisi ndiyo hata usiniulize. Moto unadhoofisha chuma pembeni ya kiungo, ufa unaanzia hapo hapo. Ongeza na chumvi yetu ya Tanga.

Bi_Raskazone:
Shikamoo fundi, umesema kweli. Ila kaka, huko kutikisa mkia si habari ya gololi. Ulibeba nini ndani, na ulikiweka wapi?

Mvuvi_wa_Sahare:
Jenereta na madumu sita ya maji ya lita 20. Niliyaweka nyuma kabisa, kushusha iwe rahisi.

Bi_Raskazone:
Basi ndiyo hayo. Maji peke yake kilo 120, yote nyuma ya ekseli, yanainua pua ya karavani. Mimi navuta boti kila wiki, na yalinikuta hayo hayo nilipoacha injini ya akiba nyuma. Pua inatakiwa ilalie gololi kwa kama asilimia 7 hadi 10 ya uzito wote, kwako ni kilo 84 hadi 120. Kapime kwa muuza nafaka: weka gogo juu ya mizani, utue mkono wa karavani juu yake kwa urefu ule ule wa gololi. Kisha sogeza mzigo mpaka namba ikubali.

Minyororo nayo ulifunga sambamba, si ndiyo? Ipishanishe chini ya mkono. Ikichomoka tena, mkono unadakwa na minyororo kabla haujafika chini.

Mvuvi_wa_Sahare:
Shukrani dada. Vipi nikiongeza jani moja la springi nyuma, gari lisichuchumae?

Spana_17:
Litasimama vizuri kwa picha. Uzito ulioondoka kwenye magurudumu ya mbele haurudi kwa jani la springi. Mzigo wa kilo mia kwenye pua gari lako linabeba bila hilo jani.

Afadhali ukague breki. Ulaya tela lisilo na breki mwisho wake ni kilo 750. Yako lazima inayo ile ya kusukumwa: ukifunga breki, karavani inasukuma mbele, fimbo inarudi ndani na kuvuta waya. Sukuma mkono kwa nguvu. Usipocheza, umegandishwa na kutu.

Abiria_wa_Bweni:
Mnasahau kivuko. Ushongo ni ng'ambo ya mto Pangani. Maji yakikupwa ile miteremko ni mikali, chuma kirefu cha nyuma kitakwangua chini. Kifupishe, na uvuke maji yakijaa.

Mvuvi_wa_Sahare:
Nimetoka uani sasa hivi na tambara la grisi mkononi. Gololi imeandikwa 1 7/8. Mkono nimeusukuma mimi na mwanangu, haujacheza hata kidogo.