Akademia ya sayansi ya Kiesperanto, ipo kweli au ni stori?

mdadisi_tu: Wakuu habari za saa hizi. Jamaa kaniambia San Marino, kile kinchi kilichozungukwa na Italia, kuna akademia ya sayansi ya kimataifa, ukitaka digrii yao lazima uandike tasnifu kwa Kiesperanto. Nikacheka. Ile lugha ya kubuni aliyoitoa Zamenhof 1887 kuna mtu anaiandikia fizikia kweli?

kalamu_nyeusi: Cheka tu ila ipo. Inaitwa AIS (Akademio Internacia de la Sciencoj), ilizinduliwa rasmi 1985 hukohuko San Marino, rais wa kwanza alikuwa Helmar Frank, Mjerumani wa mambo ya saibanetiki, yani sayansi ya jinsi mifumo inavyojiongoza na kuwasiliana. Na si Kiesperanto peke yake, tasnifu unaipeleka kwa lugha mbili, moja ndo hiyo. Wazo lao ni kwamba msahihishaji na anayesahihishwa wote wamejifunza hiyo lugha ukubwani, hakuna wa kumwambia mwenzake "kwetu hatusemi hivyo". Hata Reinhard Selten, yule wa nadharia ya michezo (si mpira, ni hesabu za jinsi washindani wanavyoamua) aliyepata Nobel ya uchumi 1994, alikuwa mwenzao.

Bi_Mashaka: Sawa, Nobel tumeisikia, lakini hakuipata kwa Kiesperanto jamani 😂 Mtafiti anataka asomwe na watu, na wasomaji wako kwenye Kiingereza, sasa we andika kwa lugha ya wachache uone nani atakunukuu. Halafu digrii hiyo, kabla hujatoa hata senti ulizia kwanza kama huko unakotaka kuitumia wanaitambua, maana jina kubwa si cheti.

mwanaisimu_wa_usiku: Mi siasa zao nawaachia wenyewe, nilijifunza kidogo na kilichonishika ni jinsi maneno yanavyojengwa, kama vile sisi tu. Chukua *sana*, ni -enye afya. Weka *mal* mbele inageuka kinyume, *malsana*, mgonjwa. Ongeza *ul* upate mtu, *malsanulo*, kisha *ej* ya mahali na umepata *malsanulejo*, hospitali! Nomino zote zinaishia na o. Mkazo nao uko silabi ya pili kutoka mwisho, yani mdomo wa Mswahili haupati tabu kabisa.

mdadisi_tu: Eeh, kumbe *sana* kwao ni afya? Basi tukisema "asante sana" wanasikia nini hao 😅 Bi Mashaka nimekusikia, sitoi hela, ila hiyo mal mal naanza nayo leo.