Kufungulia wateja akaunti za eCitizen: tumwamini kijana wa saiba mpaka wapi?

Saiba_Langoni
Assalaam aleikum. Hapa Amu (Lamu) wazee na wavuvi wengi huja saiba, yaani duka la kompyuta na mtandao, kuombewa cheti cha kuzaliwa, pasipoti au PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi). Wengi hawana barua pepe. Desturi iliyozoeleka ni kuwafungulia akaunti ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, kwa barua pepe ya duka, nenosiri likaandikwa kwenye daftari la kaunta. Mteja huridhika kwa kuwa anamjua kijana na anawajua wazazi wake. Nataka kuiacha desturi hii. Nianzie wapi?

Bint_Shela
Waaleikum salaam. Anza na laini ya simu kabla hujagusa kompyuta. Mwenye akaunti hasa ni yule anayepokea namba ya uthibitisho. Mzee akitumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mjukuu, siku mjukuu akiifunga au akiichukua, mzee hana pa kuingilia. Kama ni laini ya Safaricom, apige *106# aone zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Na asiandikishe laini aliyoitupa kabatini: isipotumika muda mrefu, kampuni huiuza upya, na mnunuzi ndiye atakayepokea ujumbe wa mwenzake.

Barua pepe mfungulie ya kwake, kwa laini hiyo hiyo. Nenosiri alichague mwenyewe. Kama haandiki, aandikiwe na mtu aliyekuja naye, nawe ugeuke. Karatasi aondoke nayo.

Fundi_Mkunguni
Bint Shela kasema kweli, lakini kompyuta nayo huvujisha. Fungua dirisha la mgeni kwenye kivinjari, na kikiuliza kama kihifadhi nenosiri, kikatalie. Afadhali uizime kabisa hiyo hifadhi kwenye mipangilio. Kisha tazama mahali ambapo watu hawatazami. Skana nyingi huweka nakala kwenye folda yake yenyewe, mbali na ile ya vitu vilivyopakuliwa. Picha ya kitambulisho iliyotumwa WhatsApp ya duka ili ichapishwe hubaki kwenye simu ya duka, pengine na kwenye hifadhi ya mtandaoni pia. Futa zote mteja akiwa bado amesimama pale, aone.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata ukiwa na kompyuta mbili tu. Serikali yenyewe haikusamehewa: Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliamua kuwa utoaji wa kadi za Huduma (vitambulisho vya kidijitali) ulikwenda kinyume cha sheria hiyo, kwa sababu tathmini ya athari kwa data za watu haikufanywa kwanza.

Saiba_Langoni
Shukran sana. Na hawa wa zamani waliomo daftarini?

Bint_Shela
Waite mmoja mmoja, waje na kitambulisho na simu, maadamu bado unaweza kuingia. Badilisha namba ya simu kwanza, halafu barua pepe, nenosiri liwe la mwisho. Ukitanguliza nenosiri hujafanya kitu, kwa sababu mwenye barua pepe ya zamani anaweza kuomba jipya akakufungia nje. Ukimaliza, chana ukurasa wake mbele yake. Akaunti isiyofunguka, mwelekeze kituo cha Huduma (ofisi ya huduma za serikali) hapa Lamu aende mwenyewe, asitume mtu.

Malipo ya serikali yaende Paybill (namba ya malipo ya M-Pesa) 222222, namba ya akaunti ikiwa ile iliyotolewa kwenye ombi lake. Ada yako ya kazi ilipwe kando. Zikichanganywa kwenye namba ya duka, mteja hawezi kujua serikali imechukua ngapi nawe umechukua ngapi, na hapo ndipo manung'uniko huanzia.

Fundi_Mkunguni
Nyongeza kuhusu wateja wa Faza na Kizingitini, kisiwani Pate, ambao nauli ya boti inawalemea: usikubali wakusomee namba ya uthibitisho kwa simu, hata kama sauti unaijua. Ukiwazoesha hivyo, tapeli atakayepiga kesho akijiita mtu wa saiba atasomewa vile vile. Wakusanyieni maombi, mpange siku moja mwende na kompyuta kisiwani.