Kofia za vigae (vile vya kufunika mgongo wa paa) inapokutana migongo miwili, nazibaje?

Wakuu, nabadilisha vigae mwenyewe, sasa pale mgongo mdogo unapoingia mkubwa kofia zimeacha pengo la kupitisha ngumi, nilijaza mota ikapasuka na maji yakaingia hadi kwenye silingi. Naombeni msaada.

— Mota peke yake haiwezi mkuu, jua linaipasua. Fumua, tandika bati la risasi (ile metali laini, lead) chini ya maungio, lilalie vigae sentimita 15 kila upande, ligonge taratibu na nyundo ya mpira lifuate mabonde ya kigae, ndo uweke kofia. Kofia za kukatwa mshazari kata kwa grainda, usivunje na nyundo.

— Na loanisha vigae kwanza, mota saruji 1 mchanga 3.

— Asanteni sana, kesho napanda.

— Funga kamba kiunoni kaka!