Explorer 1, Explorer 3 au Sputnik: ipi hasa iligundua mikanda ya mionzi?

MwalimuWaFizikia
Wanajukwaa, habari za jioni. Wiki ijayo nina kipindi na klabu ya sayansi ya kidato cha tatu. Vitabu tulivyonavyo vinasema satelaiti ya Marekani, Explorer 1, iligundua mikanda ya Van Allen, yaani maeneo ya mionzi mikali yanayoizunguka dunia, vinaishia hapo. Nikipanga tarehe, mambo hayakai sawa. Sputnik 2 ya Wasovieti ilirushwa 3 Novemba 1957 ikiwa na vihesabio vya mionzi vya mwanafizikia Sergei Vernov, ingawa watu wanamkumbuka mbwa Laika tu. Explorer 1 ikafuata 31 Januari 1958, Explorer 3 tarehe 26 Machi, Sputnik 3 tarehe 15 Mei. Mngekuwa na saa moja tu darasani, mngesimulia habari za ipi?

Mzee wa Redio
Explorer 1, mwalimu, bila kusita. Kilo 14 hivi, na ndani yake kihesabio kimoja cha Geiger, chombo cha kuhesabu chembe za mionzi, kutoka chuo kikuu cha Iowa, kwa mwanafizikia James Van Allen. Ikiwa chini ilihesabu chembe 30 hivi kwa sekunde, kama walivyotarajia. Ikipita juu ya Amerika Kusini, kwenye kimo cha kilomita 2,000 hivi, inasoma sifuri. Sifuri ile ndiyo iliyowanyima watu usingizi.

Nuru_K
Shikamoo mzee. Naheshimu hoja yako, ila Explorer 1 haikuwa na kinasa cha kuhifadhi data. Walipata data pale tu ilipopita juu ya kituo chenye mtu anayesikiliza. Wana vipande vipande, na kwa vipande mtu anaweza kusema kifaa kimeharibika.

Explorer 3 ilibeba kinasa kidogo cha tepu alichotengeneza George Ludwig, mwanafunzi wa Van Allen. Ikizunguka dunia kinanasa, ikifika juu ya kituo inaamriwa, inamwaga mzunguko mzima kwa sekunde chache. Van Allen alichukua data hiyo akaichora kwa mkono hotelini Washington, usiku, kwenye karatasi ya grafu. Mstari ukapanda hadi kikomo, ukaanguka sifuri, ukakaa huko, kisha ukapanda tena na kushuka taratibu. Kifaa kibovu hakipoi chenyewe namna hiyo kila mzunguko.

Sababu ya sifuri, waeleze wanafunzi hivi: konda anahesabu abiria wakipanda mmoja mmoja. Wakivamia mlango wote kwa pamoja, hapati hata nafasi ya kusema "mmoja". Gesi ndani ya kihesabio inahitaji kitambo ijirudi baada ya kila chembe. Chembe zikifululiza mno, mipigo inakuwa dhaifu na saketi haiioni. Carl McIlwain, wa timu ya Van Allen, alihakikisha hilo maabara kwa kukimulika kihesabio cha aina ileile kwa eksirei kali. Tarehe 1 Mei 1958 wakatangaza.

Kijana_Ilala
Mnawasahau Wasovieti. Sputnik 3 ilikuwa na kilo 1,327, vyombo chungu nzima! Kinasa chake kiliharibika, ndiyo, lakini ilipopita latitudo za kaskazini ilipata dalili za mkanda wa nje, ule ulio mbali zaidi na dunia. Na Sputnik 2 ilikosa kwa sababu ya njia yake: juu ya vituo vya Sovieti ilipita chini, na sehemu yake ya juu kabisa ikawa kusini, ambako hawakuwa na vituo vya kuipokea. Inaniuma kwa Vernov. Kifaa kilikuwepo, mionzi ilikuwepo.

BintiMalindi
Kwa kuwa mwalimu anafundisha watoto wa huku, naongeza ya kwetu. Nimekua nikiyaona majukwaa ya San Marco ya kurushia roketi, baharini pale Ngomeni. Hapo ndipo satelaiti ya Explorer 45 iliporushwa kwa roketi ya Scout, 15 Novemba 1971. Ilizunguka karibu na ikweta, ikipanda hadi kilomita 27,000 hivi, ikiikata mikanda hiyo kila mzunguko ili kupima chembe wakati wa dhoruba za sumaku ya dunia. Mwaka mmoja kabla, 12 Desemba 1970, palepale ilirushwa Uhuru, satelaiti ya kutazama eksirei za nyota. Hiyo ilitakiwa iikwepe mionzi, kwa hiyo ikawekwa chini na karibu na ikweta. Bahari ileile, moja imetumwa motoni, nyingine imeepushwa.

Mzee wa Redio
Marahaba Nuru. Kwa grafu ile nakubali Explorer 3 ilifunga kesi. Bado nasema aliyeuliza swali ni Explorer 1.

MwalimuWaFizikia
Asanteni sana. Nitaanza na Explorer 3: nawapa namba ubaoni, wachore wenyewe mpaka wafike kwenye sifuri, halafu nawauliza kama kifaa kimekufa. Vernov nitamtaja, Kijana_Ilala, sitamruka. BintiMalindi, una picha ya majukwaa hayo uliyopiga mwenyewe? Kipindi ni Alhamisi saa nane.