Naomba ushauri: kuwapeleka vijana St. Paul's, Limuru

Mlezi_wa_Vijana
Wadau, hamjambo. Mwezi wa nane, shule zikifungwa, nataka kuwapeleka vijana wa kanisa letu Chuo Kikuu cha St. Paul's, Limuru, waone mahali makasisi wengi walikosomea tangu enzi za mkoloni. Wachache wanahisi wito. Wengine, sitawaficha, wanafuata basi. Je, tunafika tu langoni au kuna utaratibu? Na kuna nini cha kuwaonyesha? Sitaki warudi wakisema waliona nyasi na madarasa.

Shemasi_Mstaafu
Msifike tu, ndugu. Pale watu wanasoma, na mkiangukia wiki ya mitihani hakuna atakayewazungusha. Andika barua yenye muhuri wa kanisa, taja idadi, umri na saa ya kufika. Omba kuona kanisa la chuo na maktaba, kisha uombe mwanafunzi wa theolojia akae nao bila wewe kuwepo. Yapo maswali watakayomuuliza ambayo kasisi wao hawamwulizi ng'o. Picha, ombeni ruhusa kwanza. Na sweta! Limuru iko zaidi ya mita 2,000, na Agosti kule haina utani.

Mjukuu_wa_Kisauni
Sisi wa Pwani tunacheka kidogo. Chuo hicho kilizaliwa kwetu Frere Town, Mombasa, mwaka 1903. Limuru kilihamia 1930. Frere Town ilianzishwa na Church Missionary Society, chama cha wamishenari wa Kianglikana, miaka ya 1870, iwe makao ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Kengele yake bado iko pale Kengeleni, na Kanisa la Emmanuel la 1889 halipo mbali. Mkipata nafasi fikeni na Rabai, walikokaa wamishenari Krapf na Rebmann, kuna makumbusho.

Mama_Maswali
Mkiwasimulia hayo, simulieni yote. Waliojenga Frere Town pamoja na wamishenari ni Waafrika waliosomeshwa Nasik, India, baada ya kukombolewa utumwani. William Jones na Ishmael Semler walifundisha na kuhubiri miaka mingi ndipo wakawekwa mikono kuwa mashemasi, 1885. Na mwanzoni mwa miaka ya 1880 msimamizi Mzungu wa pale alishutumiwa kwa kuwachapa viboko wakazi. Watu waliotoka utumwani, jamani! Kijana anayefikiria ukasisi ayasikie haya mapema, si sifa za wamishenari peke yake.

Shemasi_Mstaafu
Kweli, mama. Ila usisahau kwamba tangu miaka ya 1950 Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti wamesomea humo pamoja. Hilo nalo litajwe, maana vijana wetu hudhani kila dhehebu lilijitenga tangu Edeni.

Mlezi_wa_Vijana
Asanteni sana. Mombasa mfuko hauturuhusu mwaka huu. Naandika barua ya Limuru wiki hii, na habari ya Frere Town nitaisimulia ndani ya basi, viboko vikiwemo. Mjukuu, una picha ya kengele iliyo wazi? Niichapishe kubwa.

Mjukuu_wa_Kisauni
Nitaipiga Jumamosi asubuhi, kabla matatu hazijaziba barabara.