Hazina ya kaunti inakata riba ya shule zetu hapa California, na sheria haiilazimishi kila kaunti kueleza hesabu yake

Wanajamvi, hasa mlio na watoto katika shule za umma za jimbo hili, naomba mnivumilie, kwa sababu jambo lenyewe limejificha ndani ya majedwali ya bajeti ambayo wengi wetu hatuyafungui.

Katika taarifa ya fedha ya wilaya yetu ya shule kuna mstari wa mapato ya riba, na chini yake maelezo kwamba kiasi hicho ni baada ya makato ya hazina. Makato kiasi gani, hawakuandika. Ofisi ya fedha ya wilaya ilinijibu kwa upole kwamba wao hupokea kilichobaki tu. Ofisi ya mweka hazina wa kaunti nayo ikanielekeza nirudi wilayani.

Nimesoma sheria, na hasira ndiyo imezidi. Kifungu cha 41001 cha Sheria ya Elimu ya California kinazitaka wilaya za shule ziweke fedha zao katika hazina ya kaunti. Ziada isiyohitajika kwa matumizi ya karibu inaweza kuwekezwa kwingine, lakini fedha za mishahara na za matumizi ya kawaida hukaa hapo hapo. Halafu kifungu cha 27013 cha Sheria ya Serikali kinamruhusu mweka hazina kukata, kabla ya kugawa riba, gharama halisi za kuwekeza na kusimamia fedha hizo, na makato hayo yanaingia katika mfuko mkuu wa kaunti. Sina ugomvi na gharama, maana benki, wakaguzi na watumishi lazima walipwe. Ugomvi wangu ni kwamba anayekata ndiye anayejipigia hesabu, na anayekatwa hana pa kuhamia.

Tuchukue mfano wa kukisia. Wilaya ina dola milioni 50 katika mfuko wa pamoja, yaani ule ambamo kaunti inawekeza fedha za wawekaji wote kwa pamoja, na kaunti inakata asilimia 0.1 ya salio, yaani dola 50,000 kwa mwaka. Riba ikiwa asilimia 4, mapato ni milioni 2 na makato hayo hayaonekani. Riba ikishuka hadi asilimia 0.5, mapato ni dola 250,000, na makato yale yale yamemeza sehemu moja kwa tano. Sasa linganisheni na mfuko ambao serikali ya jimbo inawaendeshea wawekaji wa serikali za mitaa tangu 1977, ule unaofahamika kama LAIF: humo sheria imeweka ukomo wa gharama kuwa asilimia 5 ya mapato, au asilimia 8 pale riba ya hati fupi za Hazina ya shirikisho inaposhuka chini ya asilimia 1. Katika mfano wangu wa riba ndogo, ukomo huo ungekuwa dola 20,000. Jimbo limejifunga lenyewe kwa tarakimu, lakini kaunti limeziachia maneno mawili tu: gharama halisi.

Wala msiniambie kwamba waweka hazina waaminiwe tu. Kaunti ya Orange, hapa hapa California, ilifilisika tarehe 6 Desemba 1994 baada ya mfuko wake wa pamoja kupoteza takriban dola bilioni 1.7, na miongoni mwa makosa 6 ambayo mweka hazina wake, Robert Citron, aliyakiri mwaka uliofuata, lilikuwamo la kuhamisha riba ya wawekaji wengine kwenda katika akaunti ya kaunti. Soma tena: riba ya wawekaji wengine. Bunge la jimbo likashtuka, na mwaka 1995 likazilazimisha kaunti kuunda kamati za kusimamia hazina, zenye nafasi za wawakilishi wa shule. Mwaka 2004, kwa kuwa jimbo lilikuwa likidaiwa gharama za jambo ambalo lenyewe liliamuru, kamati hizo zikafanywa za hiari. Na hapo ndipo penye shimo, kwa sababu kifungu cha 27133 cha Sheria ya Serikali, kinachotaka sera ya uwekezaji ieleze jinsi gharama zinavyokokotolewa na kugawanywa, kinaanza kwa kusema kwamba kinahusu kaunti iliyounda kamati. Kaunti isipounda kamati, kifungu hicho hakiigusi.

Ninachodai si kikubwa. Wabunge wa jimbo waweke ukomo wa makato kwa asilimia ya mapato, kama walivyofanya kwa LAIF, na waitoe fomula ya makato katika kivuli cha kamati ya hiari, ili kila kaunti iichapishe kila robo mwaka pamoja na kiasi kilichokatwa kwa kila mwekaji. Nimeshamwandikia mbunge wangu.

Mlioko Sacramento, San Diego, Alameda na kaunti nyingine, fungueni sera ya uwekezaji ya kaunti yenu, mtafute sehemu ya gharama, kisha mweke hapa mnachokikuta: kaunti inakata kwa salio au kwa mapato, na kamati ipo au haipo.